Kinu Kisichodaiwa

Naomba nianze kwa kuwatoa wakubwa wasiwasi: nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya shule, nikaitafuta kwenye ramani ya jeshi niliyoazimwa na mtu, sikuiona. Kwa hiyo msomaji atakayedhani amemtambua waziri fulani au jengo fulani humu, hayo ni yake na moyo wake. Nchi yenyewe inaitwa Dola ya Shangilia, serikali yake ni nzuri sana, na yote niliyosikia juu yake nimeyasikia kwa watu wanaoipenda.

Mgeni aelewe jambo moja. Katika Shangilia kila raia mwema anadaiwa. Yeye anadaiwa na benki, benki inadaiwa na serikali, na serikali inadaiwa na watu wa ng'ambo ambao hakuna aliyewahi kuwaona, ila hupigiwa simu kila mwisho wa mwezi kuombwa subira. Dukani cheti cha deni hutundikwa ukutani kando ya picha ya Rais, na mwenye deni kubwa hupewa kiti cha mbele siku ya sherehe za uhuru. Rais, ambaye hupenda kuitwa Mlezi, aliieleza hekima hiyo katika hotuba ya saa nne na nusu.

"Raia asiyedaiwa," alisema, "hulala usingizi mnono. Aliyelala usingizi mnono huamka na akili timamu. Na akili timamu, ndugu zangu, imekwisha kuangusha serikali nyingi."

Watu wakashangilia. Ndiyo kazi waliyopewa.

Basi, katika mji wa Mitondooni, bara huko ambako udongo ni mwekundu na ufuta hustawi, alikuwapo mwanamke aitwaye Bi Sikudhani Mrisho. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa miaka kumi na tisa alikamua mafuta ya ufuta kwa mikono yake na kuyauza kwa chupa. Majirani zake wakulima waliuza ufuta wao kwa malori ya mji mkuu, bei ya kutupa. Miezi mitatu baadaye ufuta ule ule ulirudi dukani ukiwa mafuta, kwenye chupa yenye picha ya mwanamke anayecheka, bei mara sita.

"Huyu anamcheka nani?" Bi Sikudhani alimuuliza muuza duka siku moja.

Muuza duka hakujua. Bi Sikudhani alikwenda nyumbani akilifikiria swali lake, na kesho yake akamwendea Fundi Hemedi Lusewa. Huyu alikuwa ametumikia kiwanda cha mafuta cha mji mkuu mpaka siku kilipouzwa, kwa uwazi kamili, kwa shemeji wa mtu.

"Mashine ninaijua ilipo," Hemedi alimwambia. "Imetumika, lakini bado nzima kabisa. Dada, mashine ipo. Mtaji ndio haupo."

*

Bi Sikudhani alivaa baibui lake la kwendea harusini, akaenda benki.

"Nataka mtaji wa kinu cha mafuta," alimwambia kijana wa mapokezi. "Lakini riba sitaki. Dini yangu hainiruhusu, na hata ingeniruhusu nisingeitaka."

Kijana alifurahi mpaka akasimama. "Mama, umekuja wakati wake! Serikali sikivu imekwisha kufungua Dirisha la Halali."

Lilikuwa kweli dirisha, la nne kutoka mlangoni, limepakwa rangi ya kijani. Nyuma ya kioo aliketi Maalim Kheri, katika kanzu iliyopigwa pasi vizuri, na kadi ya benki imening'inia shingoni. Maalim huyu ndiye aliyemwozesha Bi Sikudhani miaka thelathini nyuma. Alikuwa akisomesha msikitini fikihi ya biashara, yaani sheria za dini katika kuuza na kununua, na watu walikuwa wakija kwa miguu kutoka mbali kumsikiliza, mpaka benki nayo ikaja, kwa gari.

"Karibu, binti yangu. Hapa hakuna riba. Riba iko dirisha la kwanza. Hapa sisi tuna shukrani."

"Shukrani?"

"Unachukua fedha, unarudisha fedha ile ile, haiongezeki hata senti. Ila kila mwezi unatoa shukrani."

"Nikijisikia?"

"Hapana. Hata usipojisikia."

"Kiasi gani?"

"Asilimia kumi na nane kwa mwaka."

Bi Sikudhani alilitazama dirisha la kwanza. "Na wale pale, riba yao kiasi gani?"

Maalim alikohoa kidogo. "Kumi na saba."

"Hii moja ya juu ni ya nini?"

"Gharama za uhalali."

"Na ufuta ukinyeshewa, Maalim? Mashine ikiungua?"

"Shukrani hainyeshewi, binti yangu. Inalipwa tu."

Bi Sikudhani alisogea karibu na kioo. Kisha akasema, bila kupaza sauti, na kwake hilo lilikuwa jambo la nadra: "Maalim, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba anayetaka faida lazima akubali na hatari yake. Uliandika ubaoni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, nikaandika kwenye daftari. Leo unataka faida bila hatari, na umeipa jina zuri."

Maalim Kheri alizipanga upya kalamu zake mbili. "Nina wajukuu saba, Sikudhani," alisema.

"Mwenyezi Mungu akukuzie," akajibu, akatoka.

*

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa, aliwaita watu uani kwake. Walikuja wengi kuliko mikeka. Alikuwapo mshona viatu, mkunga, walimu wawili, wakulima, na hata kiongozi wa kwaya ya kanisa la mtaa wa pili, aliyekuja na fedha ambazo kwaya ilikuwa ikiziweka kwa ajili ya kinanda.

"Sisi si Waislamu, Bi Sikudhani," alisema kiongozi wa kwaya. "Tunaruhusiwa?"

"Mvua ikiharibu ufuta, mtakubali kula hasara na sisi?"

"Tutakubali."

"Basi kaeni."

Akawaeleza. "Sikilizeni vizuri, nisije nikalaumiwa. Mimi sikopi, na ninyi hamnikopeshi. Mnaleta mtaji, mimi na Hemedi tunaleta kazi. Zamani waliita mudharaba. Faida ikipatikana tunagawa nusu kwa nusu: nusu ya wenye mtaji, nusu ya wenye kazi. Siahidi kiasi. Atakayeniuliza mwaka kesho atapata ngapi, nitamwambia sijui."

"Na hasara?" aliuliza mshona viatu.

"Hasara ya fedha ni ya wenye fedha, ilimradi mimi sijaiba wala sijazembea. Nikiiba, nifungeni."

"Kwa hiyo nyinyi wawili hampotezi kitu!"

"Tunapoteza jasho. Tutakuwa tumefanya kazi mwaka mzima bure."

Fundi Hemedi aligeuka. Sehemu hiyo alikuwa hajaelezwa. "Bure kabisa?"

"Bure kabisa. Ndiyo maana hutasinzia."

Watu arobaini na mmoja walitoa mtaji siku ile. Wa mwisho alikuwa Bi Pili Lipapa, muuza maandazi, ambaye fedha zake zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Bi Sikudhani aliusukuma mkono wake.

"Hizo ni za mabati yako, Pili. Nyumba inavuja. Zirudishe."

"Wenzangu uliwaambia warudishe?"

"Wenzako hawalali na ndoo kitandani."

"Basi mimi ndiye ninayehitaji faida kuliko wote," alisema Bi Pili, na kuliweka kopo mkekani kwa kishindo. "Usinichagulie umaskini."

Wakanunua mashine. Wakajenga kwa matofali jengo lenye paa la nguzo, kuta nne na mlango mmoja. Siku Hemedi alipoiwasha kwa mara ya kwanza, mafuta yalitoka membamba kama uzi, ya rangi ya asali. Bi Sikudhani alitia kidole, akaonja, akageukia ukutani ili watu wasimwone uso.

*

Msimu wa kwanza walipata hasara.

Mvua ilinyesha wiki mbili nje ya majira yake, wakati ufuta umekatwa na kusimamishwa mashambani ukauke. Mbegu zikaota zikiwa bado kwenye maganda yake. Zilizookolewa zilitoa mafuta machungu, yakauzwa kwa watengeneza sabuni. Bi Sikudhani aliwaita wabia wake na kusimama mbele yao. Hemedi alikuwa ameketi pembeni akitazama viatu vyake, vile vile alivyovaa tangu mwaka jana.

"Theluthi ya mtaji imekwenda," alisema. "Sina la kuongeza."

Bi Pili alisimama polepole. "Yaani mabati yangu…"

"Theluthi yake, Pili."

"Mvua iliyokula ufuta ndiyo hiyo hiyo inayonidondokea usoni!" Sauti yake ilipasuka. "Kuna kitu mmetuficha? Niambie machoni."

"Mashine ile pale, ghala lile pale, daftari hili hapa. Ingieni, mchunguze mpaka mridhike."

Walichunguza siku mbili. Waliyapima magunia, wakawauliza wanunuzi, wakalisoma daftari kwa sauti kama wanaosoma barua ya posa. Siku ya pili jioni Bi Pili alitoka ghalani, vumbi limemjaa kichwani, akaketi kando ya Bi Sikudhani kwenye ngazi.

"Mvua haikutumwa na wewe," alisema.

"Hapana."

"Mwaka huu ninakaa na ndoo yangu. Lakini tujenge vichanja vya kukaushia, viezekwe kwa nyasi. Ufuta usilale nje tena."

Ikawa hivyo. Hakuna aliyeshtakiwa wala aliyefilisiwa.

Sasa, jambo hilo kwetu lingeweza kupita hivi hivi, lakini katika Shangilia lilizua taharuki. Kila baada ya msimu mbaya, dalali wa serikali hufika mijini na ngoma yake kuuza vitanda vya watu. Alifika Mitondooni kama kawaida. Alipiga ngoma siku tatu. Siku ya nne akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba, kwa unyonge, kama hakuna hata kabati. Hatimaye akaandika taarifa kwenda mji mkuu: *Hasara imetokea. Mhanga hajaonekana.*

*

Taarifa ile ilipita meza nyingi, na mwaka uliofuata, msimu ukikaribia, ikamfikia Mheshimiwa Kamishna Songoro wa Wizara ya Madeni na Furaha. Wiki ile ile alifika kinuni na magari kumi na moja, mpiga picha, na mtu wa kumshikia mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua wala jua.

"Cheti cha deni kiko wapi?" aliuliza, akizitazama kuta.

"Hatuna, Mheshimiwa. Hatudaiwi."

Maofisa walirudi nyuma hatua moja, kama waliosikia kwamba kuna ndui.

"Mama," alisema Kamishna kwa upole wa kitaaluma, "kinu hiki kilipata hasara mwaka jana. Ni kweli?"

"Kweli."

"Hasara hiyo imekwenda wapi?"

"Tumegawana."

"Mmegawana!" Kamishna aliwageukia wapambe wake ili nao washtuke. Kisha akapanda juu ya gunia la mashudu, yale makapi ya ufuta uliokamuliwa, kwa kuwa hotuba zake zilihitaji kimo. "Ndugu wananchi! Katika uchumi wa kisasa, hasara lazima imwangukie mtu mmoja mahususi, anayejulikana kwa jina na anwani, ili taifa limfilisi na kusonga mbele! Hasara iliyogawanywa kwa watu arobaini na mmoja, mpaka asiangamie hata mmoja, hiyo ni hasara iliyotoroshwa! Huu ni uhujumu! Leo wamegawana hasara, kesho watagawana nini? Watagawana madaraka?"

Wapambe walipiga makofi. Gunia likapasuka kidogo, mashudu yakamwingia kiatuni, lakini hakuna aliyethubutu kuliona hilo.

Kamishna aliposhuka, alimvuta Bi Sikudhani pembeni. "Tuyamalize kiungwana. Kopa, mama. Kopa hata kidogo. Kopa shilingi kumi." Alitoa sarafu mfukoni. "Nitakukopesha mimi mwenyewe, hapa hapa. Utanirudishia kumi na moja, nitakuandikia cheti, kila mtu aende zake kwa amani."

"Sitaki, Mheshimiwa."

"Ni shilingi kumi tu!"

"Kama ni kumi tu, mbona mmekuja na magari kumi na moja?"

Mpiga picha, kwa bahati mbaya, alicheka. Walimfukuza kazi pale pale, akarudi mji mkuu kwa miguu.

Jioni ile mlango wa kinu ulifungwa kwa kufuli, ukapigwa lakiri, ile nta nyekundu yenye muhuri wa Dola. Juu yake pakabandikwa karatasi: *Ni marufuku kwa mtu yeyote kuufungua, kuuvunja, kuugusa wala kuuegemea mlango huu.* Askari mmoja, Koplo Nyamhanga, akaachwa aulinde usiku na mchana. Bi Sikudhani akapandishwa kwenye gari la sita.

*

Alipelekwa Gereza la Wadaiwa. Ndilo gereza pekee lenye nafasi katika Shangilia, kwa sababu hupanuliwa kila mwaka. Mkuu wa zamu, Afande Kisinza, alikuwa mtu mwenye macho mekundu na fomu nyingi.

"Jina la mdai wako?"

"Hakuna."

"Kiasi unachodaiwa?"

"Hakuna."

Afande aliigeuza fomu, akaitazama nyuma, akairudisha. "Kwa mujibu wa fomu hii, mama, wewe hauko hapa."

"Kama siko, niache niende."

Afande alifikiri kwa muda mrefu. "Mtu ambaye hayuko hawezi kuruhusiwa kutoka," alisema. "Ila tunaweza kulirekebisha. Kaa kwenye kiti hicho. Kukalia kiti ni shilingi mbili, utalipa baadaye. Nikiandika mbili hizo, fomu inajaa."

"Basi nitasimama."

Akasimama. Wakamletea chai, ya kulipa baadaye, hakunywa. Wakamletea blanketi, la kulipa baadaye, hakulipokea. Kiongozi wa kwaya, aliyemfuata mpaka huko na kufikia kwa jamaa zake, alimletea maji na viazi kila asubuhi, akampitishia kwenye nondo. Mchana kuketi chini kulikatazwa; usiku Bi Sikudhani alilala sakafuni, kwa kuwa Wizara ilikuwa haijapanga bei ya sakafu.

Baadaye alimwambia Hemedi kwamba siku ya pili alasiri miguu ilimvimba mpaka hakuziona kamba za viatu vyake, na kiti kilikuwa pale, hatua mbili tu, kina mto. "Niliogopa, Hemedi. Niliogopa kwa sababu nilianza kujiambia, shilingi mbili ni nini? Nilikuwa na zaidi ya hizo kwenye ncha ya khanga. Lakini wao hawakutaka zangu za ncha ya khanga. Niliwaambia nilipe sasa hivi, wakakataa. Walitaka za baadaye. Hapo ndipo nikaelewa, nikapata nguvu."

Afande Kisinza alimtazama sana siku ile. Alipobaki naye peke yake, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hivi kweli, mama, hudaiwi na mtu yeyote? Ukiamka asubuhi, unawaza nini?"

"Nawaza kazi."

"Kazi," alirudia Afande, kama mtu aliyetajiwa tunda alilolila utotoni.

Siku ya tatu mkaguzi alikuja kuhesabu wafungwa. Fomu zilisema mia tatu na tisa, vichwa vilikuwa mia tatu na kumi. Mkuu wa zamu mwenye kichwa cha ziada hukatwa mshahara. Kabla mkaguzi hajarudia hesabu, Bi Sikudhani alijikuta nje ya lango la nyuma, juani, viatu vyake mkononi.

*

Alirudi Mitondooni akakuta msimu umeiva. Ufuta ulikuwa umekauka vizuri vichanjani, magunia yamejaa uani kwa watu, na mlango wa kinu umefungwa. Kuondoa lakiri kulikuwa na ada, na ada hiyo, kwa agizo la Wizara, ililipwa kwa mkopo tu, dirisha lolote upendalo. Malori ya mji mkuu yalikuwa tayari yameegeshwa barabarani, madereva wakitafuna miwa na kusubiri bei ishuke.

Wabia walikutana mbele ya kinu mchana kweupe, huku Koplo Nyamhanga akiwa mlangoni, bunduki begani. Hemedi aliisoma karatasi ya marufuku mara tatu.

"Imeandikwa mlango," alisema.

"Tunajua ni mlango," alijibu mshona viatu.

"Mlango tu."

Bi Pili akalitazama jengo, kuanzia kona hii mpaka kona ile.

"Hizi kuta ni za nani?" aliuliza.

"Zenu," alisema Bi Sikudhani. "Zimejengwa kwa mtaji wenu. Siwezi kugusa hata tofali bila idhini ya wenye mali, na mkizibomoa, ni hasara yenu nyingine. Mjue hivyo kabla hamjasema ndiyo."

"Wanaokubali?" alisema Bi Pili, na mkono wake ulikuwa wa kwanza hewani. Ikanyooshwa mingine arobaini.

Walianza na ukuta wa nyuma. Wanakwaya waliimba, wanawake wa madrasa wakaitikia, na matofali yakapitishwa mkono kwa mkono na kupangwa vizuri kandokando. Koplo Nyamhanga alichungulia kwenye kona.

"Mnafanya nini?"

"Tunabomoa ukuta wetu, afande."

"Mlango hamuugusi?"

"Hatuwezi kuugusa. Ni marufuku."

Koplo akaisoma tena karatasi yake. "Basi sawa," alisema, akarudi zamuni.

Ilipofika alasiri kuta zote nne zilikuwa zimelala chini. Paa lilibaki juu ya nguzo zake, mashine imesimama katikati, na mbele, peke yake, mlango na fremu yake. Hemedi aliishikiza fremu kwa miti miwili isianguke, bila kuugusa mlango, kwa kuiheshimu sheria. Madereva wa malori waliacha kutafuna.

Kesho yake mafuta yalianza kutoka. Wiki ya pili akaja Maalim Kheri, bila kadi shingoni. Alisimama muda mrefu akiitazama mashine.

"Nimewarudishia dirisha lao," alimwambia Bi Sikudhani. "Nina fedha kidogo. Nafasi ya mbia ipo?"

"Ipo. Hasara unaijua?"

"Nilikuwa nikiisomesha," alisema Maalim. "Sasa nataka kuijua."

"Na wajukuu?"

"Wamekuja nami. Wale pale wanachambua ufuta."

Mwisho wa msimu waligawana faida, nusu kwa nusu. Theluthi iliyopotea ilirudi na ziada juu yake. Hemedi alinunua viatu, na Bi Pili akaezeka. Ule usiku wa kwanza, nasikia, aliiweka ndoo mlangoni, akaitukana, kisha akalala.

*

Habari zilifika mji mkuu, na Mheshimiwa Kamishna Songoro akarudi, safari hii na gari moja tu, bila mpiga picha. Alitembea moja kwa moja mpaka mlangoni. Koplo Nyamhanga akampigia saluti, akamzuia.

"Umefungwa, Mheshimiwa. Kwa amri yako."

Kamishna alitazama kulia kwa mlango. Hatua tatu kutoka pale aliposimama, Bi Sikudhani alikuwa akijaza madumu, na watu ishirini wakifanya kazi. Alitazama kushoto. Bi Pili alikuwa akiuza maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta ya kinu, akampungia mkono.

"Karibu, Mheshimiwa!" aliita Bi Sikudhani. "Zunguka tu, upite huku!"

Hapo msomaji amhurumie kidogo. Kama angezunguka, angekiri kwamba ukuta haupo. Na kama ukuta haupo, basi yeye Kamishna ameufunga mlango usiofunga kitu, mbele ya Dola nzima, kwa nta ya serikali. Alibaki alipo. Akaisogeza midomo kwenye tundu la ufunguo.

"Mama," alinong'ona, "mimi kama mimi, si kama Wizara, nina vijisenti vyangu vimekaa tu. Nimesikia mnagawa faida. Nifanyieni asilimia ishirini kila mwaka, hasara mniondolee, na mimi nitaona jinsi ya kulegeza mambo."

Bi Sikudhani aliuacha mdomo wa dumu, akaja akasimama upande wa pili wa mlango, mahali ambapo wote walimwona isipokuwa Kamishna, aliyekuwa ameinamia tundu. Hakunong'ona.

"Mheshimiwa! Ukitaka kuingia, unaingia kama Pili alivyoingia, na kopo lake! Tukipata, unapata. Tukinyeshewa, unanyeshewa. Unayotaka wewe yako benki, dirisha la nne, lile lililopakwa kijani!"

Kicheko kilianzia kwa wakulima kikaishia barabarani, kwa madereva wa malori. Kamishna alijinyoosha, akafuta magoti. Akamgeukia Koplo kwa hasira.

"Kuna nini humo ndani?"

Koplo Nyamhanga alitazama mbele kikakamavu, kisigino kwa kisigino.

"Hakuna ndani, Mheshimiwa."

Kamishna alitoa daftari, akaandika kwamba amekagua lakiri na kuikuta salama, kwamba mlango haujaguswa, na kwamba kinu cha Mitondooni kimefungwa. Akatia sahihi. Kwenye majalada ya Dola ya Shangilia hivyo ndivyo ilivyo hadi leo, na mimi sina sababu ya kutilia shaka majalada ya serikali.

Gari lilipopotea kwenye vumbi, Bi Sikudhani alifunga khanga yake kiunoni, akamwita fundi wake.

"Hemedi! Washa."